Kitanda cha Mfalme

"Wamefunga leo," alisema Profesa, na hapo hapo familia ya watu watano ikapita mlangoni, tiketi mkononi.

Mama yake aliitazama familia ile mpaka mtoto wao wa mwisho akamezwa na mlango. Kisha akautazama mnara wenyewe, kutoka chini kwenda juu, mpaka shingo ikamuuma na kitambaa cha kichwani kikataka kudondoka. Jana makumbusho yalikuwa kwenye ukarabati. Juzi ile bustani ya ndani ya vioo ilikuwa ya wenyeji tu, watu wenye vitambulisho vyao. Kwa jinsi alivyoona yeye, jiji zima lilikuwa limepatwa na matatizo wiki hiyo hiyo aliyokuja, na walioarifiwa ni yeye na mwanawe peke yao.

"Basi tuutazame kwa nje," alisema.

"Nje ndiko kwenye uzuri wenyewe, Mama. Ndani ni ngazi tu."

"Mbona ulituambia kuna lifti ya vioo?"

Profesa alikohoa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Ngazi na lifti," alisema.

Mama hakuendelea. Kushona nguo za watu kulikuwa kumemfundisha kwamba mteja anayevuta tumbo ndani wakati wa kupimwa haambiwi kitu. Unamwacha, mwisho atapumua tu. Akamshika mwanawe mkono wakaondoka, na mkono wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko alivyoukumbuka.

Nyumbani kila mtu humwita mama huyu Fundi, na mwanawe humwita Profesa kwa ajili ya masomo yake ya mbali, na chumba chake cha kushonea, chenye vyerehani viwili na meza ya kupigia pasi, ndicho redio ya mtaa. Jumapili baada ya chakula cha mchana Profesa hupiga simu. Fundi huiweka sauti ya juu, akaiegemeza kwenye kopo la vifungo, na wanawake hujaa humo ndani, kila mmoja na kisingizio chake: huyu kaja kupunguziwa gauni, yule kaleta zipu. Wanataka habari za jiji. Profesa akitaja jengo, Mkunga, jirani wa ukuta mmoja, ambaye sauti yake imezoea kuwaamrisha wenye uchungu wasukume, huuliza lile swali lake moja. "Na ndani je?"

Na ndani kulikuwa na mambo. Mnarani kulikuwa na lifti ya vioo. Makumbusho yalikuwa na nyangumi aliyening'inizwa darini. Lakini kilichowamaliza wanawake wale ni kitanda cha mfalme, ndani ya jumba lililo mwisho wa mji: nguzo nne, tandiko la mahameli ya zambarau, na matamvua ya dhahabu mpaka sakafuni. Mwezi haukuisha, bibi harusi wa kwanza akaja kutaka tandiko la namna hiyo. Akafuata wa pili, na dada yake. Mtindo ukapata jina, ukaitwa Kitanda cha Mfalme, na Fundi akawa hashoni kingine. Nauli ya ndege iliyomleta huku ilitoka kwenye mahameli hayo hayo.

Alikuja na mambo mawili. La kwanza alilitangaza kwa kila mtu: anakwenda kukiona kitanda kwa macho yake, maana wateja walikuwa wanabishana kama matamvua yanashonwa safu moja au mbili, na utepe wa kupimia ulikuwa ndani ya mkoba. La pili alimwambia shemeji yake peke yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Nikimkuta mtoto anateseka, narudi naye." Shemeji hakushangaa. Yeye siku zote alisema kusoma mbali ni kiburi tu, na kiti cha Profesa dukani kilikuwa tayari. Kozi yenyewe ilikuwa imebaki mwaka mmoja.

*

Chumba cha Profesa kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, mahali dari linapoinama, hivyo upande wa dirishani mtu alitembea kama anayetafuta kitu alichoangusha. Kitanda kimoja, meza, jiko la kushirikiana na wengine mwisho wa ukumbi. Usiku wa kwanza alimpa mama kitanda, yeye akatandika majaketi sakafuni. Alisema daktari amemshauri alale pagumu kwa ajili ya mgongo. Fundi alimuuliza ni daktari gani anayetibu mgongo wa kijana wa miaka ile, wakacheka wote wawili, yakaisha.

Jioni hiyo ya mnara, Profesa alipokwenda kuchemsha chai, Fundi aliichukua suruali ya mwanawe iliyokuwa kwenye kiti ili aikunje. Vidole vyake vikasimama kiunoni. Suruali ilikuwa ya kahawia, na mtu alikuwa ameipunguza kwa uzi mweusi, kwa mkono, mishono imetawanyika kama nyayo za kuku. Akaigeuza. Kulikuwa na safu nyingine ndani ya ile ya kwanza. Suruali ilikuwa imepunguzwa, halafu imepunguzwa tena. Yeye ndiye aliyeishona suruali ile, na alikijua kiuno alichokishonea.

Alikaa nayo mapajani. Hakujiruhusu kulia, maana ukuta ulikuwa mwembamba na maji ya chai hayachelewi kuchemka.

"Unakula, mwanangu?" aliuliza Fundi, kikombe kilipofika.

"Nakula sana. Huku chakula ni kingi mpaka kinatupwa."

"Kinatupwa wapi, mbona hakikuangukii wewe?"

Profesa alicheka, akapuliza chai yake muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

"Kesho nataka kitanda," alisema Fundi.

"Kitanda?"

"Cha mfalme. Mnara umefungwa, sawa. Makumbusho yanapakwa rangi, sawa. Lakini kile nisipokiona, nikirudi nitawatazamaje watu walioolewa juu yake?"

Profesa alitaja umbali, akataja mvua, akataja foleni. Fundi alimwacha amalize yote. Mwisho Profesa akaona isiwe taabu, akasema kuna matembezi ya bure kila Jumamosi kama kesho, wageni hukusanyika uwanjani na mtu huwatembeza mjini, na hao hufika mpaka jumba la mfalme. Alilitamka neno bure kwa furaha kubwa, kama mtu aliyepata upenyo, na Fundi akalala akiwa na matumaini kidogo.

*

Aliyewatembeza alikuwa binti mwenye mwavuli wa manjano, mwanafunzi naye, amevaa kofia ya sufu. Aliwasalimu wote, ila macho yake yalikaa kwa Profesa kidogo zaidi.

"Anakufahamu?" Fundi aliuliza.

"Sura tu, Mama."

Asubuhi ilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe. Binti alijua kuongea. Alisimama mbele ya sanamu akaielezea kwa mikono yote miwili, na Profesa alitafsiri vizuri, kwa raha, mara nyingine akitangulia hata kabla binti hajasema. Fundi alimsikiliza mwanawe akajisikia mama wa mtu. Alicheka pale wengine walipocheka, akichelewa kidogo, kicheko chake kikibaki peke yake hewani, wageni wakageuka na kumtabasamia.

Walipopewa nafasi ya kupumzika, wengine waliingia kwenye mikahawa. Fundi na Profesa walikaa kwenye ngazi za benki moja, ngazi za mawe meupe zilizosuguliwa zikang'aa, wakafungua mkate na mayai ya kuchemsha waliyobeba kutoka chumbani. Fundi alikuwa anamenya yai la pili alipokuja mlinzi mwenye glavu. Mlinzi aliongea maneno machache, taratibu, akionyesha ngazi, halafu mkate, halafu barabara. Kisha akasukuma maganda ya yai kwa ncha ya kiatu chake, yakamfikia Fundi pale alipokaa.

Profesa alikuwa ameshasimama. "Anasema karibuni tena," alisema.

Fundi aliyaokota maganda moja moja akayatia kwenye mkoba. Uso ule haukuwa wa kumkaribisha mtu. Lakini mwanawe alikuwa ametazama pembeni, masikio yamemwiva, na Fundi akaona akimuuliza sasa atamvua nguo mbele za watu. "Mwambie tumeshukuru," alisema, wakamalizia mkate wakitembea.

Shida ilianza darajani. Kundi lilipovuka, Profesa aliinama kufunga kamba za viatu. Akazifunga, akazifungua, akazifunga tena. Mwavuli wa manjano ulikuwa unazidi kwenda.

"Mama, nadhani tumeona vya kutosha. Utachoka. Turudi."

"Na kitanda?"

"Kule mbele ni majengo tu. Wiki ijayo—"

"Wiki ijayo nitakuwa nyumbani kwangu nashona. Miguu ni yangu, na haijaniambia kitu." Akamwacha palepale na kamba zake, akanyoosha moja kwa moja mpaka akawa sambamba na binti wa mwavuli. Binti alimpa mkono kushuka ukingo wa daraja. Profesa hakuwa na la kufanya ila kufuata.

Jumba la mfalme lilikuwa refu, lenye madirisha mengi kuliko Fundi alivyoweza kuyashika kwa jicho moja. Aliuweka sawa mkoba begani, akautafuta utepe wa kupimia kwa vidole ili asihangaike baadaye. Binti aliinua mwavuli akaanza kueleza. Profesa alitafsiri mwaka wa kujengwa, akatafsiri idadi ya wafalme. Halafu akanyamaza. Binti aliendelea, watu wakacheka.

"Amesema nini?"

"Anaeleza historia."

"Historia gani inayochekesha?"

Profesa alitazama madirisha. "Amesema ndani kuliungua zamani sana. Wakajenga upya. Sasa ni ofisi za kodi."

"Na kitanda?"

"Hakuna kitanda, Mama."

"Kiliungua?"

Angeweza kusema ndiyo. Fundi mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango, na moyoni alikuwa anamwomba apite, maana ingekuwa rahisi kwa wote wawili. Kitanda kimeungua, pole yake mfalme, matandiko ya harusi yakabaki na heshima yake. Profesa alivua miwani.

"Hakikuwepo," alisema. "Nilikitunga."

Fundi aliutoa mkono mkobani. Utepe ulikuwa umemviringika kidoleni, ikabidi autoe polepole.

Hapo binti akavua kofia yake ya sufu, akaigeuza, akaishika mbele kwa mikono miwili, na wageni wakaanza kutia kitu humo mmoja mmoja. Profesa alimshika mama yake kiwiko. "Twende."

"Wanafanya nini?"

"Wanampa chochote. Siyo lazima. Ni bure, Mama, walisema bure. Twende."

"Huyu mtoto ametembea na sisi asubuhi nzima mpaka koo limemkauka, halafu tumkimbie?" Fundi hakuinua sauti. "Wale wanaopitia dirishani kuchukua nguo zao ili wasinilipe, mimi huwa nawaitaje? Uliwahi kunisikia."

Profesa aliwahi kumsikia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mfukoni ana nauli yao ya kurudi tu.

"Basi tutarudi kwa miguu. Lete."

Alitia ile nauli kwenye kofia mwenyewe. Binti aliinama kidogo kumshukuru, kisha akamgeukia Profesa akamwambia neno, bila ubaya, karibu kwa upole.

"Amesema nini?" Fundi aliuliza. "Na usinitungie."

"Amesema amefurahi leo nimefika mwisho."

*

Walikaa kwenye benchi la bustani ya wazi, ile isiyo na mlango. Profesa aliongea akitazama viatu vyake. Mwaka wa kwanza, alisema, kila Jumamosi alifuata makundi haya ili Jumapili awe na la kusema. Darajani ndipo palikuwa mwisho wake. Aliinama kufunga kamba, kundi likapita, akarudi, kwa sababu mbele kulikuwa na kofia na yeye hakuwa na cha kutia. Ndiyo maana hakujua habari za ofisi za kodi. Mnara hajaupanda. Nyangumi amemwona kwenye bango.

"Mkunga akauliza na ndani je, nikajikuta nasema. Mara ya kwanza nilitia chumvi kidogo tu. Halafu mkawa mnasubiri."

"Na kula?"

"Mchana chuoni. Jioni naosha vyombo kwenye mgahawa, kuna siku kinabaki kitu."

"Na siku kisipobaki?"

Profesa aliinama akaikaza kamba ya kiatu.

Hasira ilimpanda Fundi kweli kweli. Ilimwendea mwanawe kwanza, na nusu ya njia ikageuka ikamrudia mwenyewe. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akiisogeza simu karibu na meza ya pasi ili wa nyuma wasikie. Umekula, alikuwa akimuuliza, kila Jumapili, na sauti iko juu, mbele ya chumba kizima cha wanawake. Ni mtoto gani wa kiume angesema mbele yao kwamba ana njaa? Halafu yeye akakata mahameli, akashona dhahabu, akapokea sifa.

"Utanirudisha?" Profesa aliuliza.

"Baba yako mdogo ameshakuwekea kiti."

"Mama, umebaki mwaka mmoja."

"Najua kilichobaki." Akamgeukia. "Njaa hainitishi. Njaa naijua, tumelala nayo wewe ukiwa mdogo, ila hukumbuki. Kinachonitisha ni kwamba ungeweza kuzimia huku ghorofani, na sisi kule tunasikiliza habari za lifti."

Profesa alilia, kwa aibu, miwani mkononi. Fundi alimwacha alie. Alimpa kile kitambaa cha kichwani ajifute, akabaki kichwa wazi mbele ya wapita njia, na wala hakujali.

"Kesho Jumapili," alisema baadaye. "Utawaambia mwenyewe, yote, siyo kitanda tu. Ukiweza, utabaki umalize. Nikikusikia unawatungia tena, tunapanda ndege wote wawili."

"Mkunga atanimaliza."

"Mkunga alikutoa tumboni umetanguliza miguu. Hakuna aibu yako asiyoiona."

*

Jumapili simu iliegemezwa kwenye kikombe, juu ya meza iliyo chini ya dari linaloinama. Fundi alikaa kitandani na ile suruali ya kahawia. Alikuwa amefumua safu zote mbili za uzi mweusi, na vipande vilikuwa vimelala sketini kwake. Kelele za chumba cha kushonea zikaingia, cherehani kimoja kikienda, wanawake wakisukumana.

"Fundi," sauti ya Mkunga ilijaza chumba. "Umekiona? Safu moja au mbili?"

Fundi alimtazama mwanawe.

"Shikamooni," alisema Profesa. "Ni mimi."

"Marahaba, mwanetu. Haya, na ndani je?"

Aliikalia mikono yake. "Ndani sijawahi kuingia. Mnarani sijaingia, makumbusho sijaingia. Kitanda cha mfalme hakipo. Nilikitunga."

Kule upande wa pili cherehani kilisimama.

"Na tandiko langu nililolipia?" aliuliza mwanamke mmoja, bibi harusi wa juzi juzi.

"Si nilisema," ilikuwa sauti ya shemeji, ambaye siku zote hakuwa na kawaida ya kufika chumba cha kushonea. "Nilisema tangu mwanzo. Aletwe tu huyo, mtoto amekuwa—"

"Nyamaza kwanza," alisema Mkunga. "Hajamaliza. Nasikia pumzi yake, hajamaliza."

Na kweli alikuwa hajamaliza. Sehemu iliyobaki ilikuwa fupi kuliko ile ya kitanda, na ilimchukua muda mrefu zaidi. "Kuna siku nalala sijala," alisema. "Siyo kila siku. Lakini zipo. Nilikuwa naona haya kusema."

Fundi alisikia kitu kikigongwa taratibu kule mbali, akakitambua: ni ile pasi yake ikisimamishwa kwenye kiegemeo chake. Alitaka kuongea, kumsaidia, kuwaambia hata yeye ana makosa. Akaubana ulimi. Kazi hii ilikuwa ya mwanawe.

Alipoongea tena, Mkunga alikuwa ameshusha sauti kiasi ambacho watu wengi mtaani wasingeamini anaweza.

"Haya, baba," alisema. "Na nje je?"

Profesa alimgeukia mama yake kama mtu asiyesikia sawasawa. Mama alikuwa anatia uzi wa kahawia kwenye tundu la sindano, jicho moja kalifumba.

"Nje," alianza Profesa. "Jana tulikula mayai kwenye ngazi za benki. Akaja mlinzi na glavu, akatufukuza. Mama akaniambia nimwambie tumeshukuru."

Mtu akacheka kule, na mwingine, na kicheko kikaenea mpaka kwa bibi harusi. Wakataka kujua glavu zilikuwa za rangi gani. Wakauliza Fundi alifanya nini na yale maganda. Profesa aliwaambia, akawaambia pia kuhusu daraja na kamba za viatu na kofia, na mara hii hakutia chumvi, maana haikuhitajika.

"Shemeji," baba mdogo aliita, akipenya katikati ya kelele. "Kwa hiyo mnarudi wote?"

"Narudi peke yangu," alisema Fundi.

Akaipindua suruali akaanza kuipunguza upya, mishono midogo, iliyokaa sawa. Kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani ya kiuno, kingi kuliko kinavyoachwa kawaida, ili siku mwanawe akinenepa kiwepo cha kufungulia.